Aliyekosa Alipewa Tarehe ya Kurudi

Tuanze na mita 2000.

Ni mbio ambazo karibu hakuna anayezikimbia. Kwenye Olimpiki hazimo. Kwenye mashindano ya dunia hazimo. Ila tarehe 14 Septemba 2021, mjini Zagreb, nchi ya Kroatia, Francine Niyonsaba wa Burundi alizimaliza kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Rekodi ya dunia iliyokuwa ya Genzebe Dibaba wa Ethiopia akaivunja kwa zaidi ya sekunde mbili. Rekodi ya dunia, kwa dada aliyezaliwa Ruyigi! Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa sana: mtu ambaye medali zake zote kubwa ni za mita 800, alikuwa anatafuta nini kwenye mita 2000?

Jibu ni fupi. Mita 800 alifungiwa. Hakukutwa na dawa, hakumsukuma mwenzake, hakudanganya umri. Alifungiwa juu ya namna alivyozaliwa.

Ninaandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza: kila tarehe 8 Machi na kila tarehe 20 Juni jina la Francine linatajwa kwenye semina zetu. Mwezeshaji anasimama, anasema bidii hushinda vyote, tunapiga makofi, tunapewa soda na biskuti, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani. Hadithi inakatwa katikati, fasi ile inayouma inaachwa. Ya pili: hapa Musaga, na makambini pia, wasichana wetu wanaacha mbio kwa sababu ya neno lilelile lililomfungia Francine. Kwa hiyo hii si habari ya wazungu wa Uswisi peke yao. Ni yetu.

Ili tuelewane, ngoja kwanza nimtaje mtu wa mbali.

Tarehe 24 Septemba 1988, mjini Seoul, Mkanada Ben Johnson alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79. Hakuna binadamu aliyekuwa amefika hapo. Siku tatu baadaye medali ikavuliwa, kwa sababu mkojo wake ulikutwa na stanozolol, dawa ya kujenga misuli. Serikali ya Kanada ikaunda tume chini ya jaji Charles Dubin. Mwaka 1989 Johnson akakaa mbele ya tume hiyo, akaulizwa, akakubali kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alitumia. Hata rekodi yake ya 9.83, aliyoiweka Roma mwaka 1987, ikafutwa. Adhabu yake ilikuwa miaka miwili. Mwaka 1991 alikuwa tayari amerudi uwanjani. Mwaka 1993 alikamatwa tena, na safari hiyo akafungiwa maisha.

Simtaji ili tumcheke. Namtaja kwa sababu kesi yake ilikuwa na vitu vinne: kosa, ushahidi wa kosa, nafasi ya kujieleza, na tarehe ya kurudi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Johnson alinyongwa kweli, lakini haki yake alipewa. Sasa chukua vitu hivyo vinne, uvitafute katika kazi ya Francine.

Mwaka 2012 Francine alikuwa na miaka 19. Alikwenda Porto-Novo, nchini Benin, akawa bingwa wa Afrika wa mita 800. Mwaka huohuo akaingia fainali ya Olimpiki ya London. Machi 2016 akawa bingwa wa dunia wa mbio za ndani kule Portland, Marekani. Agosti 2016, Rio de Janeiro, akapata medali ya fedha kwa dakika 1 na sekunde 56.49. Burundi ilikuwa imesubiri miaka 20 tangu Vénuste Niyongabo apate dhahabu ya mita 5000 kule Atlanta mwaka 1996, na hii ilikuwa medali ya pili tu ya Olimpiki katika historia ya nchi, ya kwanza kwa mwanamke. Mwaka 2017 akapata fedha tena, mashindano ya dunia ya London. Machi 2018, Birmingham, akatetea dhahabu yake ya mbio za ndani. Njia ilikuwa imenyooka.

Mwezi uliofuata, Aprili 2018, shirikisho la riadha la dunia, ambalo wakati ule liliitwa IAAF na leo linaitwa World Athletics, lilitangaza kanuni mpya. Mwanamke ambaye mwili wake unatengeneza homoni ya testosteroni nyingi kwa sababu ya maumbile aliyozaliwa nayo, hataruhusiwa kukimbia na wanawake kuanzia mita 400 hadi maili moja katika mashindano ya kimataifa, mpaka aishushe hiyo homoni kwa dawa na aiweke chini kwa miezi sita. Caster Semenya wa Afrika Kusini alipinga mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne. Tarehe 1 Mei 2019 waamuzi wawili kati ya watatu waliikubali kanuni. Na someni vizuri walichoandika: kanuni ni ya kibaguzi, lakini ni ya lazima.

Ya kibaguzi, lakini ya lazima. Kama wewe ni mkimbizi, hayo maneno hayakupiti hivihivi.

Mwaka huohuo wa 2019 Francine alisema hadharani kwamba kanuni hiyo inamhusu na yeye. Hebu fikirieni msichana wa Ruyigi kusimama mbele ya dunia nzima na kuongea habari za homoni zake. Sisi hapa hata hedhi tunaitaja kwa sauti ya chini. Ben Johnson alipoongea mbele ya tume, aliongea kuhusu jambo alilofanya. Francine alilazimika kuongea kuhusu sehemu ya mwili wake ambayo hata mama mzazi hauulizi mbele ya wageni.

Watetezi wa kanuni wanasema hakuna aliyelazimishwa. Unaweza kunywa dawa, unaweza kukimbia mbio nyingine, unaweza kukimbia na wanaume, unaweza kuacha. Ni kwa hiari. Ndugu zangu, hilo neno tunalijua. Tumelisikia kwenye mikutano mingi, limeandikwa kwenye fomu nyingi. Mara nyingi hiari ni ule mlango mmoja ulioachwa wazi baada ya mingine yote kufungwa.

Francine akachagua mlango wa mbio ndefu. Mtu wa mita 800 kwenda mita 5000 na mita 10,000 si jambo la kubadilisha viatu tu. Ni mwili mwingine, mazoezi mengine, akili nyingine. Akaenda Tokyo mwaka 2021. Kwenye mita 5000 akaondolewa kwa kukanyaga mstari wa ndani. Kwenye mita 10,000 akawa wa tano duniani. Septemba, pale Zürich, akashinda mita 5000 katika fainali ya Diamond League, na siku chache baadaye akavunja ile rekodi ya Zagreb. Watu wakasema: mnaona? Bidii imeshinda!

Haikushinda. Tarehe 31 Machi 2023 kanuni nyingine ikaanza kazi. Sasa si mita 400 hadi maili tena. Ni mbio zote na michezo yote ya riadha. Kiwango cha homoni kikapunguzwa kutoka nanomoli 5 kwa lita hadi 2.5, na muda wa kukaa chini yake ukaongezwa kutoka miezi sita hadi miezi 24, ingawa kwa waliokuwa kwenye mbio zilizokuwa wazi kuliwekwa kipindi cha mpito. Yaani zile mbio ambazo mwaka 2019 aliambiwa nenda huko, huko uko huru, akaenda, akajifunza, akaweka rekodi, nazo zikawekewa geti. Rekodi yenyewe haikufutwa. Ilikaa mpaka Julai 2024, Jessica Hull wa Australia alipoivunja kule Monaco kwa dakika 5 na sekunde 19.70. Hiyo ni haki, rekodi huvunjwa kwa miguu. Ninacholalamikia mimi ni rekodi na kazi za watu zinazovunjwa kwa karatasi.

Sasa turudi kwenye vile vitu vinne. Kosa liko wapi? Hakuna, hata shirikisho lenyewe linasema hawa wanawake hawakudanganya. Ushahidi je? Utafiti wa mwaka 2017 ambao shirikisho liliutegemea ulikosolewa na wanasayansi wengine kuhusu takwimu zake, na mwaka 2021 jarida lililouchapisha lilitoa sahihisho kusema kwamba maandishi yake yangeweza kumpotosha msomaji adhani chanzo kimethibitishwa. Nafasi ya kujieleza? Ilibidi Semenya afike hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Julai 2025 mahakama hiyo ikasema kwamba kule Uswisi hakupata usikilizwaji wa haki. Na tarehe ya kurudi? Haipo, kwa sababu mtu hawezi kumaliza adhabu ya kuzaliwa.

Hapo ndipo kichwa cha makala haya kilipotoka. Aliyekosa alipewa tarehe ya kurudi. Asiyekosa hakupewa.

Na Francine hayuko peke yake katika ukanda wetu. Pale Rio, nyuma yake alikuwa Margaret Wambui wa Kenya, shaba. Wote watatu wa jukwaa, Semenya, Niyonsaba na Wambui, ni Waafrika, na wote watatu kanuni imewagusa. Nchini Uganda kulikuwa na Annet Negesa, aliyeweka rekodi ya taifa lake ya mita 800 mwaka 2012. Kabla ya Olimpiki ya London akaambiwa homoni zake ni nyingi, hataenda. Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji Kampala. Yeye anasema hakuelezwa vya kutosha kuhusu alichofanyiwa. Shirikisho la dunia limekana kwamba lilihusika na upasuaji ule. Kazi yake ya mbio iliishia pale. Mwaka 2019 alisimulia yote kwenye televisheni ya Ujerumani, halafu akaomba hifadhi hukohuko, akapewa. Soma tena hilo, wewe unayesoma makala haya ukiwa na kadi ya ukimbizi mfukoni. Kuna dada wa Uganda aliyepata kadi kama yako, na safari yake ilianzia kwenye kipimo cha damu.

Sasa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili, maana wasomaji wa jarida hili si watoto.

Katika fainali ileile ya Rio, mtu wa nne alikuwa Mkanada, Melissa Bishop. Alikimbia dakika 1 na sekunde 57.02, rekodi ya taifa la Kanada, na akakosa shaba kwa sekunde 0.13. Alifanya mazoezi miaka mingi, alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani mwake, akaenda nyumbani bila medali. Uchungu wake ni wa kweli. Sitaki kusikia mtu akiutumia huu mjadala kumtukana. Na ni kweli vilevile kwamba mbio za wanawake zilitengwa ili wanawake wapate fasi yao, kwa hiyo mpaka lazima uwepo mahali fulani. Anayesema mpaka usiwepo kabisa, huyo hajafikiri. Bila mpaka, hata Francine mwenyewe asingepata jukwaa la kupanda.

Swali langu ni jingine. Mpaka unachorwa na nani, unachorwa lini, na nani anaulipia? Sisi watu wa mipaka tunajua kwamba mstari unaweza kuwa wa lazima, na bado ukachorwa vibaya, katikati ya nyumba ya mtu. Ukichora mpaka wakati watu tayari wanaishi pande zote mbili, haki ni kuwapa muda, kuwapa msaada, kuwapa mtu wa kuwatetea, na kutouhamisha tena baada ya wao kuhama. Francine alihama kwa gharama zake, akajenga upya, na mstari ukamfuata.

Na hata hicho kifaa cha kuchorea hakiaminiki sana. Mwaka 1966 kule Budapest wanariadha wanawake walipita uchi mbele ya madaktari ili wathibitishwe. Baadaye vikaja vipimo vya kromosomu. Ewa Kłobukowska wa Poland, mkimbiaji wa mbio fupi mwenye rekodi ya dunia, alishindwa kipimo mwaka 1967 na rekodi zake zikafutwa. Baadaye alizaa mtoto. Kamati ya Olimpiki iliacha kuwapima wanawake wote mwaka 1999 kwa sababu iliona vipimo vinaumiza wasio na hatia. Sasa vimerudi: tangu tarehe 1 Septemba 2025 mwanamke anayetaka kushiriki mashindano ya dunia ya riadha lazima apimwe jeni inayoitwa SRY, kwa kupanguswa ndani ya shavu au kwa damu. Andrew Sinclair, mwanasayansi aliyeongoza ugunduzi wa jeni hiyo mwaka 1990, ameandika kwamba haifai kutumiwa namna hiyo, kwa sababu kuwepo kwake peke yake hakuelezi mwili unafanyaje kazi. Mwenye kuigundua anasema hivyo, wenye kuitumia wanaendelea.

Mtaniuliza: haya yote yanafika vipi Musaga? Yanafika kwa miguu, ndugu zangu. Hayahitaji hata maabara.

Mwaka uliopita kulikuwa na mashindano ya watoto, hayakuwa makubwa, zawadi ilikuwa mpira na fulana. Katika kikundi chetu alikuwemo msichana mmoja wa miaka 14, sitasema jina lake wala kartye yake. Mrefu, mabega mapana, sauti nzito kidogo, mbio kama swala. Alishinda mizunguko yote miwili. Mtu wa timu nyingine akapiga kelele: "Huyu iko mwanaume! Angalieni mikono!" Watoto wakaanza kuimba jike dume, jike dume. Mratibu, badala ya kunyamazisha ile kelele, akamwita mama wa mtoto katikati ya uwanja.

"Mama, tunaomba tu kuhakikisha."

"Muhakikishe nini? Mimi ndiye nilimuzaa. Munataka karatasi gani ingine?"

Mama alikuwa na karatasi. Karatasi ya ukimbizi ya familia, ina majina yote, ina tarehe zote za kuzaliwa, inasema mtoto ni wa kike. Karatasi hiyo polisi anaiamini barabarani. Shule inaiamini. Ofisi zinazotusajili zinaiamini, maana ndizo zilizoitoa. Uwanjani, kwa ajili ya mpira mmoja na fulana, ikawa haitoshi. Mpira walipewa mwishowe. Ila msichana hajakimbia tena. Nimekwenda nyumbani kwao mara tatu, ananiambia ana kazi ya kuchota maji. Wadogo zake wanacheka, wanasema maji tayari yamechotwa.

Huyo mratibu hajawahi kusoma kanuni za Lausanne. Hana habari za nanomoli. Lakini ujumbe ulikuwa umemfikia, kwa njia ya redio na simu na maneno ya mtaani: msichana akikimbia sana, una ruhusa ya kuuliza yeye ni nani. Hicho ndicho kanuni za juu zinachokifanya huku chini. Kule juu wanaitwa wachache, kwa siri, na madaktari. Huku chini inakuwa kelele za uwanja mzima, na kila mwenye macho anajifanya daktari.

Na sisi, kati ya watu wote, ndio tungetakiwa kulikataa jambo hili kwanza. Wengi wetu tulitoka Fizi, Uvira, nyanda za juu, tukavuka Ruzizi. Waliotukimbiza hawakuuliza tumefanya nini. Waliuliza sisi ni nani, tumezaliwa na nani, nyumbani tunasema lugha gani. Tangu siku ile tumepita kwenye uhakiki baada ya uhakiki: vidole, macho, picha, maswali yaleyale, jina la babu, jina la kijiji, eti kweli wewe ni wewe? Tunajua ladha ya kuthibitisha kitu ambacho hukukichagua. Sasa inakuwaje mtu aliyepitia hayo atoke kwenye foleni ya uhakiki asubuhi, na jioni asimame uwanjani amhakiki mtoto wa jirani?

Kambi ya Bwagiriza iko Ruyigi. Watoto waliozaliwa mle wanapanda vilima vya sehemu ileile alikotoka Francine. Labda yuko mmoja pale, sasa hivi, anakwenda kuchota maji kwa mbio kwa sababu anapenda tu kukimbia. Tutamjua vipi kama tumekwisha kumfundisha aone haya?

Kwa hiyo nasema wazi ninachotaka, ili mtu asiseme kijana amelalamika tu.

Kwa waandaaji wa mashindano yetu, ya mitaa na ya makambini: karatasi ya usajili inatosha. Mwili wa mtoto usijadiliwe uwanjani, na mtu yeyote asijadili, hata kwa mzaha. Anayepiga kelele ya namna ile atolewe nje, kama anavyotolewa anayerusha jiwe. Kama kuna malalamiko ya kweli, yaandikwe, yaende kwa mtu mmoja anayejua kutunza siri, na mzazi awepo. Na iwe wazi kwamba mshindi anabaki mshindi mpaka hapo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: ninyi mmetia saini kanuni za kulinda watoto, zimebandikwa ukutani kwenye ofisi zenu, tunazisoma tukisubiri zamu. Zifanyeni zifike uwanjani. Kwenye mpango wa michezo mkiandika idadi ya wasichana walioshiriki, andikeni pia walioacha, na mwende kuwauliza kwa nini. Leteni kocha mwanamke. Leteni vitambaa vya hedhi pamoja na mipira, maana fulana yenye nembo haimsaidii msichana anayekaa nyumbani siku tano kila mwezi. Na mkisimulia habari za Francine tarehe 8 Machi, simulieni yote. Semeni kwamba alikuwa na bidii na kipaji, na kwamba bado alifungiwa mlango, na kwamba alifungiwa bila kosa. Vijana wetu si wajinga. Bidii wanayo, milango iliyofungwa wanaijua. Wanachohitaji ni kusikia mkubwa mmoja akikiri kwamba mlango uliofungwa si kosa la anayebisha.

Kwa wazazi na vijana wenzangu: lile neno la jike dume liishe. Linaonekana dogo kwa sababu linasemwa kwa kucheka. Lakini ukilifuata neno hilo mpaka mwisho wake, unafika kwa Annet Negesa, unafika kwa Francine, unafika kwa mama aliyesimama katikati ya uwanja na karatasi mkononi. Dada zetu wana mabega mapana kwa sababu wamebeba kuni na ndoo na wadogo zao tangu utoto. Wale wenye sauti nzito, Mungu aliwapa sauti nzito. Mwache mtoto akimbie.

Na kwa wakubwa wa riadha, ambao huenda hawatalisoma jarida hili: kama mpaka ni wa lazima kweli, basi uwe kama ule wa Ben Johnson, au angalau usiwe mbaya kuliko ule. Mpeni mtu sauti kabla ya hukumu. Mpeni wakili, na daktari anayemchagua mwenyewe. Tunzeni siri yake. Aliyehamia mahali mlipomwambia ahamie, mwacheni akae. Mwaka 2019 chama cha madaktari duniani kiliwaambia madaktari wasishiriki kuwapa wanawake hawa dawa wasizohitaji kwa ajili ya afya. Kama madaktari wenyewe wanasema hivyo, ninyi mnamtibu nani, na ugonjwa gani?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watu wachache mno, wakimbizi tuna shida kubwa kuliko mbio: chakula kimepunguzwa, shule hazitoshi, ajira hamna. Nakubali shida ni nyingi. Ila sisi wenyewe ni watu wachache. Kila mara tunapoomba kitu, tunaambiwa kuna wengi wenye shida kubwa kuliko yetu. Haki ikisubiri idadi, sisi hatutaipata kamwe.

Mtu aulizwe kwa alichofanya. Kwa alivyozaliwa, asiulizwe na yeyote, si Lausanne, si Musaga. Jumamosi asubuhi, vikundi vya mbio vinaposhuka barabarani vikiimba, sisi pia tutakuwepo na wasichana wetu. Yule wa miaka 14 nafasi yake ipo, mstari wa mbele, siku yoyote atakayotaka kurudi.